Pampu ndogo ya baiskeli ya mbio: usidanganywe na namba ya kwenye boksi

Karibu kila pampu ndogo ya baiskeli za mbio huuzwa na namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa boksi: psi 100, psi 120, nyingine hata psi 160. Mnunuzi huchukua yenye namba kubwa kuliko zote, au huchukua iliyo fupi kuliko zote kwa sababu inaingia mfukoni bila kuonekana. Miezi inapita, pampu haijaguswa, na hakuna cha kumwonyesha kama alichagua vizuri au vibaya. Siku pancha inapomkuta njiani ndipo anapiga pampu mpaka mkono unakufa ganzi, na tairi bado linabonyea. Hapo lawama zinaanza: pampu feki, valvu mbovu, tyubu imetoboka tena. Mara nyingi pampu ni nzima kabisa. Tatizo ni kwamba ilichaguliwa kwa kipimo kisicho chake.

Tuweke maneno sawa kwanza. Ninaposema pampu ndogo nina maana ya ile ya mkono, yenye urefu wa kati ya sentimeta 10 na 30, inayobebwa kwenye fremu, kwenye begi au mfuko wa nyuma wa jezi. Siyo ile ya kusimama ya nyumbani, ambayo unaikanyaga kwa miguu na kuisukuma kwa mikono miwili. Presha ni nguvu ambayo upepo unausukuma nayo kila kipande cha ukuta wa tairi. Hupimwa kwa psi, yaani paundi kwa kila inchi ya mraba, au kwa bar. Bar 1 ni kama psi 14.5. Ujazo ni habari nyingine: ni kiasi cha upepo kinachoingia. Tairi nene la baiskeli ya milimani linataka upepo mwingi wenye presha ndogo, pengine psi 25 tu. Tairi jembamba la baiskeli ya mbio linataka upepo kidogo wenye presha kubwa. Pampu inayolifaa la kwanza italitesa la pili, hata kama duka limezipanga kwenye rafu moja.

Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji huandika herufi HV kwenye pampu za ujazo mkubwa na HP kwenye za presha kubwa. Kwa baiskeli ya mbio, tafuta HP. Kama herufi hazipo, utazame unene wa silinda. Unene huo ndio utakaokwambia ukweli ambao boksi halisemi.

Chukua mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, moja jembamba na moja nene. Ziba tundu la kila moja kwa kidole, kisha sukuma. Jembamba linakwenda kwa kidole gumba. Nene linakugomea kabla hujafika nusu, ingawa mkono ni uleule na upepo ni uleule. Sababu ni kwamba upepo uliobanwa unarudisha msukumo juu ya uso wote wa pistoni, na uso ukiwa mpana, mzigo unaourudia mkono wako unakuwa mkubwa. Nguvu unayohitaji ni presha mara eneo la pistoni. Hakuna mtengenezaji anayeweza kuikwepa hesabu hiyo, awe nani.

Tuiweke kwa namba. Tuseme unataka kufika psi 80, ambayo ni bar 5.5. Pistoni yenye kipenyo cha milimita 20 ina eneo la sentimeta za mraba 3.14, hivyo mwishoni utakuwa unasukuma mzigo wa karibu kilo 18. Wengi wanaweza, ingawa jasho litatoka. Panua kipenyo kifike milimita 30 na mzigo unakuwa karibu kilo 40, kwa sababu kipenyo kimeongezeka mara moja na nusu lakini eneo limeongezeka zaidi ya mara mbili. Ukitaka psi 120 kwa pistoni hiyohiyo ya milimita 30, jiandae kusukuma kilo 60, kando ya barabara, mkono mmoja ukiwa umeshika gurudumu. Ukipunguza kipenyo hadi milimita 15, psi 80 inakuwa kazi ya kilo 10 tu. Na hapo sijahesabu msuguano wa mpira wa pistoni ndani ya silinda, ambao nao unakula nguvu.

Basi ile namba ya kwenye boksi inasema nini? Inasema kwamba pampu inastahimili presha hiyo bila kuvuja wala kuachia, ikiwa atapatikana mtu wa kuisukuma. Habari za mtu huyo kuwa wewe haimo.

Mtu atauliza: kama nyembamba ni nyepesi hivyo, kwa nini zisitengenezwe zote nyembamba kama kalamu? Kwa sababu wembamba una gharama yake, na gharama hiyo ni idadi ya misukumo. Tairi lenye upana wa milimita 28 lina nafasi ya upepo ya takriban lita 1.2. Kulitoa kwenye utupu hadi bar 5.5 unahitaji kuingiza karibu lita 8 za upepo wa kawaida. Pampu ya kipenyo cha milimita 20 yenye msukumo wa sentimeta 12 inabeba mililita 38 kwa mara moja. Gawanya, utapata misukumo kama 200, na hiyo ni kwenye karatasi, ambako hakuna kinachopotea. Njiani itazidi. Ukiona mtu anajigamba kwamba pampu yake ndogo inajaza tairi la mbio kwa misukumo 50, muulize amefika presha gani.

Kwa hiyo sifa ya kutafuta ni wembamba pamoja na urefu. Silinda nyembamba inapunguza mzigo, na silinda ndefu inarudisha ule ujazo uliopotea kwenye wembamba. Pampu fupi na nene inapendeza mfukoni, na ndiyo inayouzwa kirahisi, lakini kwa matairi membamba naiona kama chaguo baya kuliko yote. Fupi na nyembamba inakubalika ikiwa huna haraka. Kama ningeulizwa kiwango, ningesema silinda isiyozidi milimita 22 kwa ndani na msukumo usiopungua sentimeta 12.

Urefu una faida nyingine ambayo watu hawaielezi vya kutosha. Upepo hauingii kwenye tairi tangu unapoanza kusukuma. Lazima kwanza ubanwe ndani ya pampu mpaka presha yake ipite ile ya ndani ya tairi, hapo ndipo mlango wa valvu unafunguka. Tairi likiwa na bar 5.5 kwa geji, yaani kipimo cha presha, ambacho hakihesabu bar 1 ya upepo unaotuzunguka, upepo wa pampu lazima ubanwe mpaka ubakie takriban sehemu moja ya sita na nusu ya ujazo wake. Kwa msukumo wa sentimeta 12, maana yake ni kwamba sentimeta 10 za mwanzo ni maandalizi tu. Upepo unaingia katika zile 2 za mwisho. Anayechoka huanza kufupisha misukumo, anakwenda harakaharaka kama anayepiga mswaki, na pampu inatoa sauti ileile ya kazi. Lakini hakuna upepo unaoingia. Anabana na kuachia upepo uleule. Misukumo kumi ya taratibu inayogonga mwisho ina faida kuliko thelathini za pupa.

Tena kuna upepo unaobaki kwenye kona ambazo pistoni haifiki, ndani ya kichwa cha pampu. Kila ukivuta mpini, upepo huo uliobanwa unatanuka tena na kuchukua nafasi ya upepo mpya. Mililita 2 tu zilizobaki kwenye bar 5.5 zinatanuka na kuwa mililita 13. Pampu ya mililita 38 kwa msukumo inapoteza theluthi moja, lakini inaendelea. Pampu fupi ya mililita 19 inapoteza theluthi mbili, na hapo ndipo unapata ile hali ya kupiga pampu bila mwisho huku tairi likikataa kupanda.

Unahitaji presha kiasi gani hasa?

Habari njema ni kwamba unahitaji pungufu ya unavyodhani. Zamani matairi ya milimita 23 yalijazwa hadi psi 110 au 120, na wengi wameshikilia namba hizo kama desturi ya ukoo. Siku hizi matairi ya milimita 28 na zaidi yamekuwa ya kawaida hata kwa wanaoshindana, na presha imeshuka. Mwendeshaji wa kilo 70 hivi, mwenye tyubu za kawaida kwenye matairi ya milimita 28, anakwenda vizuri kwa psi 70 hadi 80. Mzito zaidi ataongeza kidogo, mwepesi atapunguza. Dhana kwamba presha kubwa ndiyo kasi kubwa inafanya kazi kwenye sakafu laini ya uwanja wa mbio za ndani. Kwenye lami yenye mikwaruzo, tairi gumu mno linarukaruka badala ya kuviringika, na nguvu zako zinapotelea hewani.

Hata hivyo presha ikiwa ndogo mno, tairi linabanwa kati ya jiwe na ringi, na tyubu inapata matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Kwa pampu ya dharura lengo la busara ni kufika presha inayokufikisha nyumbani salama, na utamalizia huko kwa pampu ya kusimama. Psi 60 kwenye tairi la milimita 28 inatosha kwa hilo ikiwa wewe si mzito na ukikwepa mashimo.

Kuipima kwa kidole ni kujifurahisha. Tairi jembamba likishapita psi 50, kidole gumba hakitofautishi tena vizuri kati ya 60 na 90. Ndiyo maana geji, hata ndogo isiyo sahihi sana, si pambo. Kwa baadhi ya watu ni suala la usalama. Kuna ringi za kisasa ambazo ukingo wake wa ndani umenyooka, hauna kijino cha kulishikilia tairi, na viwango vya kimataifa vya ringi hizo kwenye baiskeli za mbio vinaweka kikomo cha bar 5, yaani psi 72.5. Ukipitisha hapo, tairi linaweza kuruka kutoka kwenye ringi. Mwenye ringi za aina hiyo asinunue pampu isiyo na geji, au abebe geji yake pembeni.

Pale pampu inapokutana na valvu

Nusu ya mikasa ya pampu ndogo hutokea hapa. Baiskeli nyingi za mbio zina valvu nyembamba ya Presta, yenye kinati kidogo juu ambacho lazima ukilegeze kabla ya kujaza. Usipokilegeza, hata pampu ya kiwanda haitaingiza kitu. Valvu nene ya Schrader ni kama ya gari. Pampu nyingi zinakubali zote mbili, ama kwa kugeuza kipande cha ndani ama kwa kuwa na matundu mawili. Hakikisha hilo kabla ya kulipa.

Kichwa cha pampu kina namna mbili. Kuna kinachokaa moja kwa moja kwenye valvu na kufungwa kwa kiwiko kidogo, na kuna chenye kimpira cha kuunganisha, ambacho kwa kawaida husokotwa kwenye uzi wa valvu. Cha moja kwa moja ni chepesi na cha haraka. Shida yake ni kwamba kila mtikisiko wa mkono unafika kwenye valvu. Ile ncha nyembamba ya Presta inapinda, na ikikatika tyubu imekwisha. Ukitumia pampu ya namna hiyo, zungusha gurudumu mpaka valvu iwe upande ulio karibu nawe, usawa wa goti. Pitisha vidole vya mkono wa kushoto katikati ya spoki vikumbatie kichwa cha pampu pamoja na ringi, gumba likae juu ya tairi, na mgongo wa mkono huo uegemee paja. Sasa mkono wa kulia unasukuma kuelekea kwenye kiganja cha kushoto, na valvu yenyewe haisikii chochote.

Kimpira kinamaliza tatizo hilo, na mimi nakipendelea bila kusita. Lakini nacho kina hila yake. Valvu nyingi za Presta zina kiini kinachoweza kufunguliwa. Unapomaliza kujaza na kukisokota kimpira ili kitoke, kinaweza kutoka pamoja na kiini, na kazi yote ya misukumo 200 inaondoka kwa mlio mmoja. Dawa yake ni kukaza viini vya tyubu zako zote ukiwa nyumbani, ikiwemo ile ya akiba, kwa kifaa kidogo cha kukazia au koleo, kwa upole. Kuna pampu zenye kitufe cha kuachia upepo uliobaki kwenye kimpira kabla hujakifungua, kinasaidia sana.

Na ule mlio mfupi unaousikia unapoondoa pampu? Wengi huamini ni upepo wa tairi unaotoroka, hivyo huichomoa kwa pupa na kupinda valvu. Upepo huo ni wa kwenye kimpira na kichwa cha pampu. Valvu ilishajifunga zamani kwa presha ya ndani. Ondoa kwa utulivu.

Wenye ringi ndefu za kukata upepo wachunguze jambo moja zaidi: valvu ichomoze vya kutosha juu ya ringi. Pampu nyingi zinataka angalau sentimeta moja na nusu ya kushikilia, na tyubu ya akiba yenye valvu fupi kwenye ringi ndefu ni mzigo tu.

Mitungi ya gesi na pampu za betri

Kimtungi cha kaboni dayoksaidi cha gramu 16 kinajaza tairi la milimita 28 kwa sekunde chache hadi psi 80 au zaidi. Wanaoshindana wanakipenda, na wana haki. Gesi ikitoka inapoa kiasi cha kuganda barafu nje ya mtungi, kwa hiyo ushike kwa kitambaa au glavu. Kasoro ni mbili. Kaboni dayoksaidi inapenya kwenye mpira wa tyubu haraka kuliko upepo wa kawaida, ndiyo maana kesho yake tairi limelegea bila pancha. Litoe gesi yote na ulijaze upya kwa pampu. Kasoro ya pili ni kwamba mtungi ukikosea umekosea. Ukiwa na mmoja na bado kuna mwiba ndani ya tairi, huna kitu tena. Kimtungi ni cha kuharakisha. Hakichukui nafasi ya pampu.

Pampu za betri zimekuwa ndogo hadi kufikia ukubwa wa pakiti ya karata, na zinafika presha ya mbio. Ndogo kabisa zinajaza tairi moja au mawili kwa chaji moja, zinapiga kelele, na zinapata moto kiasi kwamba nyingi huja na kimpira ili kichwa chenye joto kisigusane na valvu moja kwa moja. Kwa mtu mwenye maumivu ya bega au kiwiko ni ukombozi wa kweli. Kwa mwingine zina swali moja gumu: ulichaji lini mara ya mwisho?

Wanaotumia tyubulesi, yaani matairi yasiyo na tyubu yenye gundi ya maji ndani, wajue kwamba pampu ndogo inaweza kuongeza upepo uliopungua, lakini kwa kawaida haiwezi kulikalisha tairi lililotoka kwenye ringi. Kazi hiyo inataka upepo mwingi kwa mpigo mmoja. Wabebe tyubu ya akiba hata hivyo.

Kuna kundi la tatu ambalo naona linasahaulika: pampu zinazoitwa ndogo lakini zinakunjua kiguu cha kukanyagia chini na mpini wenye umbo la T, kama Topeak Road Morph G, ambayo ina geji pia. Hapo unasukuma kuelekea ardhini kwa uzito wa mwili. Hesabu ya kilo 18 inakuwa mchezo, maana mwili mzima ndio unaosukuma. Ni ndefu, si nzuri ya kutazama, na wapenda baiskeli zenye mistari safi huinunia. Ukisafiri mbali peke yako, usiwasikilize. Vivyo hivyo pampu ndefu za zamani zinazobanwa kati ya mirija ya fremu: zina silinda ndefu na nyembamba, yaani kila kitu tulichokisema hapo juu, na zimeachwa kwa sababu za mitindo zaidi kuliko za kazi.

Kuibeba na kuitunza

Kibano cha kuifunga pampu pembeni ya chupa ya maji ni kizuri ila pampu inakula vumbi na matope yote ya gurudumu la mbele. Punje za mchanga zikiingia zinakwangua mpira wa pistoni, nao ukishakwanguka pampu inasukumika kirahisi ajabu bila kutoa kitu. Ikiwa yako haina kifuniko cha tundu, iweke kwenye begi. Mara moja moja fungua silinda, futa, na upake grisi ya silikoni kidogo kwenye mpira huo. Usitumie mafuta yoyote uliyoyaona karibu. Baadhi hufanya mpira uvimbe.

Kabla ya kuiamini, ijaribu nyumbani. Toa upepo wote kwenye tairi moja, lijaze kwa pampu ndogo peke yake ukihesabu misukumo, na kila baada ya misukumo 50 pima kwa geji ya pampu ya kusimama. Kumbuka tu kwamba kila ukiunganisha geji, upepo kidogo wa tairi unahamia kwenye mpira wake, hivyo namba itasoma chini kidogo. Ukifika psi 60, andika idadi ya misukumo kwa kalamu ya wino mzito kwenye kipande cha utepe na ukibandike ubavuni mwa pampu. Ukishindwa kufika kabisa hapo sebuleni, ukiwa umepumzika na mwanga wa kutosha, irudishe dukani wakati risiti bado ipo.